Mwisho Ambao Hakuusikia

Kitabu kile nilikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu aliyevitandaza juu ya gunia kando ya barabara. Jalada lilikuwa na mwanamume mwenye meno marefu akimwinamia msichana mwenye miwani. Nilikinunua kwa sababu ya ile miwani. Katika bloku yetu nzima, huko Eastlands, Nairobi, ni mimi tu msichana niliyeivaa, na sikuwahi kuona mtu wa aina yangu akipendwa kitabuni.

Jumamosi alasiri wasichana walikusanyika uani kusukwa, nami nikawasomea. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nilisoma kimoyomoyo kisha nikasimulia kwa Kiswahili. Msichana alifanya kazi maktaba, na yule mnyonya damu alikuja kila jioni kuazima vitabu, huku anamtaka yeye na shingo yake pia. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Msusi wetu, jirani mzaliwa wa Mombasa tuliyemwita Shangazi, hakumwamini hata kidogo.

"Huyo ni mumiani tu, hata akivaa tai," alisema. "Mtaka damu yako hakuletei maua kwa heri."

"Wacha aning'ate, Shangazi," alijibu msichana wa ghorofa ya juu. "Bora anitoe Eastlands."

Aliyeniudhi ni binti wa nyumba iliyotazamana na yetu. Kabla ya kitabu, yeye ndiye aliyetawala uani kwa vichekesho. "Manzi wa miwani hapendwi na walio hai," alisema siku moja akinikodolea macho. "Ndiyo maana amepewa maiti." Walicheka mpaka Shangazi akaangusha kitana. Lakini nilipofungua ukurasa walinyamaza wote, naye akanyamaza akitega sikio.

Nadhani hilo ndilo lililomuuma. Siku moja nikiwa shuleni alimwendea mama yangu, akamwambia nasoma kitabu cha mashetani. Mama hakujua Kiingereza, ila meno yale ya jaladani aliyaelewa. Niliporudi, kitabu kilikuwa kinamalizikia kwenye jiko la makaa, chini ya sufuria ya maharagwe. Nililia, na maharagwe yale sikuyagusa.

Sura za mwisho nilikuwa sijazisoma. Hilo sikumwambia mtu. Nilitangaza kwamba nimemaliza na najua yote, kisha nikasubiri.

Nilimsubiri yule binti mpaka zamu yake ya kusukwa. Shangazi alipomaliza upande mmoja, na nywele za upande wa pili zikiwa zimesimama wima, nikainuka. "Anayetaka kujua mwisho anifuate bombani," nikasema. Bomba lilikuwa kando ya barabara, mkabala na kibanda walikoketi vijana wa mtaa, na hakuna msichana ambaye angepita pale na kichwa nusu. Wote walinifuata. Hata Shangazi aliweka kitana chini. "Ngoja kidogo, mwanangu," alimwambia, "narudi sasa hivi."

Pale bombani nikautunga mwisho papo hapo. Mnyonya damu alilala maktaba akimngojea mpenzi wake, naye asubuhi akaingia, akafuta miwani yake, akafungua mapazia yote, jua likammaliza. Shangazi alisema haki imetendeka. Wa ghorofa ya juu alilalamika kwamba nimemuulia mume. Nikawaapisha wasimwambie yule aliyebaki kwenye kigoda, akipiga kelele, "Alimng'ata au hakumng'ata?" Nilifurahi, na furaha hiyo bado ninayo.

Tulikutana tena juzijuzi matangani, wote tuna wajukuu. Sasa hata yule wa kigodani huvaa miwani, minene kuliko yangu. Alinivuta kando.

"Dada, yule msichana wa maktaba aliishia wapi? Hawa wote wamekataa kuniambia."

"Kitafute kitabu ukisome mwenyewe," nikamwambia.

"Kinaitwaje?"

Nikamwambia nimesahau. Sijasahau.