Folda ya Shemeji

Mtaani walimwita Mama Unga, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana hata nyusi zake zilikuwa na unga. Alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba, duka dogo mbele, na kutwa nzima alikuwa akikimbia kati ya hivyo viwili. Mikate yake ya mviringo ilisifiwa sana, lakini sifa za midomoni hazikumtosha. Kila trei ilipotoka motoni, aliipiga picha kwa simu. Hakumtumia mtu yeyote. Alipenda tu kuwa nazo, kama wengine wanavyopenda kuwa na picha za wajukuu.

Basi ikafika zamu ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, kustaafu. Kazi yake posta ilikuwa kuchambua barua, kila moja aipeleke kwenye kijisanduku chake. Alikuwa mtu wa uso wa duara, wa rangi ya kahawia iliyoiva, usiotabasamu hata kwa bahati mbaya. Watoto wa ukoo wakimwona tu akija, wanachomekea mashati. Wenzake kazini walitaka waonyeshe picha zake ukumbini siku ya kumuaga, na ndugu wote wakakubaliana kwamba mwenye picha ni Mama Unga, maana hata kwenye sherehe za ukoo mpiga picha alikuwa yeye.

"Mimi nina kazi," akasema.

"Sote tuna kazi," akajibu mumewe, huku akigeuka upande wa pili kochini.

Binti yao, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alikuwa amemwachia mama yake kompyuta yenye programu ya kupanga picha. Akamwelekeza kwa simu. Chomeka waya, fungua programu, ikiomba kuhamisha picha, kubali.

"Itazipanga yenyewe, mama. Inatambua nyuso. Ukiiambia mara moja huyu ni Baba Mkubwa, itakutafutia picha zake zote. Ila ikikuuliza kitu, soma kwanza."

"Nitasoma."

"Mama."

"Nimesema nitasoma!"

Sasa, Mama Unga alikuwa amelelewa vizuri. Akiulizwa kwa adabu, hajui kusema hapana. Programu ikamuuliza: picha hizi zimeshaingia, ziingizwe tena? Akabonyeza ndiyo. Ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo kwa nguvu zaidi, isije ikadhani anasitasita. Kila picha ikawa pacha, na pacha nao wakazaa.

Akamtafuta shemeji kwenye picha ya harusi fulani, akaandika chini ya uso wake: Shemeji. Programu ikaleta uso mwingine. Je, huyu ni Shemeji? Ndiyo, ndiye, kwenye mahafali ya mwanawe. Na huyu? Ndiye. Mama Unga akaanza kunogewa. Lakini donge la unga jikoni lilikuwa limeumuka hadi limeanza kutoka nje ya karai lenyewe, ikabidi awe anakwenda na kurudi, mikono imejaa unga, akibonyeza kwa kiwiko. Kila akifungua tanuri, miwani inafunikwa na mvuke.

Ni katika hali hiyo programu ilipomletea kitu cha duara, cha kahawia, chenye zabibu mbili juu na ufa chini yake. Je, huyu ni Shemeji?

"Kapigwa na jua, maskini," akawaza Mama Unga, na kiwiko kikasema ndiyo.

Ile programu ilikuwa sikivu. Ilichofundishwa ikakishika, na baada ya hapo haikusumbua mtu kwa maswali tena. Folda iliyoandikwa Shemeji ikapelekwa posta bila mtu kuifungua.

Siku ya siku, ukumbi wa posta ulijaa. Mkuu wa posta akatoa hotuba, taa zikapunguzwa, picha zikaanza kupita ukutani. Shemeji kijana juu ya baiskeli. Watu wakapiga makofi. Shemeji na mkewe. Makofi. Shemeji kazini, kashika rundo la bahasha. Makofi. Mkate.

Mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi ikabaki hewani.

Ukafuata mkate mwingine. Kisha ikaja trei nzima, na kila mkate programu ilikuwa imeuzungushia duara na kuandika chini yake: Shemeji, Shemeji, Shemeji, mpaka pembeni.

"Zima!" mumewe akamnong'oneza Mama Unga.

"Inazimwaje?"

"Mimi nitajuaje?"

Rimoti ilikuwa kwa mkuu wa posta, na kwa kihoro alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Kila akibonyeza, unakuja mkate mpya. Mama Unga akajishusha kitini taratibu hadi macho yakawa usawa wa meza.

Shemeji akainuka. Akatembea hadi ukutani, mikono nyuma, watu wakajua sasa kimewaka. Akautazama mkate uliokuwa pale. Ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Huyu," akasema, uso mkavu kabisa, "ni mimi siku nilipong'olewa jino."

Kicheko kilicholipuka pale kilimwaga soda za watu.

"Na huyo aliyeungua?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nilikuwa likizo. Sikuvaa kofia."

Akaendelea hivyo hivyo, mkate kwa mkate, bila kutabasamu, na mkewe alicheka mpaka akaletewa maji. Akasema tangu waoane hakujua kama mumewe ana utani tumboni.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu, shemeji akatokea dukani amevaa shati la kazini.

"Shemeji, nionyeshe hiyo kompyuta. Sijalala vizuri. Nasikia kuna picha mle hazipo mahali pake."

Akaketi nyuma ya kaunta, akafuta pacha wote na wajukuu wao, akatenga watu na mikate. Kisha akatenga mikate iliyoumuka na iliyogoma. Wateja wakija walimtazama, wakatazama trei, wakafunika midomo. Mama Unga alifurahi sana kupata msaidizi. Furaha hiyo ikadumu mpaka shemeji alipoipanga mikate kwa mwaka, akaweka picha mbili bega kwa bega.

"Shemeji," akaita, dukani kukiwa kumejaa. "Mbona mikate inazidi kuwa midogo?"

Wateja wote wakasogea kuangalia.

"Ni kamera," akasema Mama Unga. "Siku hizi napigia kwa mbali."

"Trei ni ile ile."

"Basi trei imekua!"

Akaingia jikoni, akafunga mlango kwa mguu, wakamsikia akikanda unga kwa hasira. Mikate iliyotoka mchana ule ilijaa kiganja na kumwagika pembeni. Wateja wakanunua kimya kimya, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuipiga picha.