Mawe Saba ya Getini

Mnaosema nadanganya, ngojeni nimalize. Aoko, mama Maxine wa chumba cha tatu hapa kwenye ploti yetu Mwiki, ana mikono inayokamua blanketi mpaka maua yake yadondoke. Mimi nyanya yenu mwenyewe niliyaokota.

Kila asubuhi anaenda geti la esteti moja kubwa huko Ruiru kungoja wanaotaka kufuliwa. Ukutani pale kulikuwa na mawe saba. Anayefika kwanza anakalia lililo karibu na geti, na kazi ya kwanza ni yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Lakini siku hizi hata matajiri wanajifulia. Siku tatu Aoko alikalia jiwe la kwanza bila kuitwa, na siku hizo zote Maxine alikunywa uji tu.

"Leo lazima mtoto ale kitu cha kutafuna," aliniambia akitoka. Nikamfuata, maana ploti ilikuwa imepooza, hata panya wamehamia Thika.

Hakutulia kwenye lile jiwe la kwanza. Anakaa, anasimama, anachungulia, anakaa tena. Saa mbili geti likafunguka, akatoka Wamboi wa nyumba namba kumi na moja, ambaye Aoko alimfulia miaka miwili kabla hajanunua mashine ya kufua. Aoko akaruka. Wamboi akampita, akaketi kwenye jiwe la mwisho.

"Madam, umepotea?" nikamuuliza.

"Shosho, ofisi ilitufukuza tangu Aprili."

"Na ile mashine ya kufua?"

"Niliiuza."

Wanawake wa mawe mengine wakacheka. Aoko hakucheka.

Kiama, soja wa geti, akatoa kichwa. "Nyumba namba nne wanataka mtu. Ni mablanketi." Aoko alishashika karai. "Si wewe, Mama Maxine. Wanataka yule wa viatu vizuri. Wanaogopa wezi."

"Na jiwe la kwanza?" Aoko akauliza.

"Mimi nimetumwa tu."

Wamboi akaingia bila kututazama. Hata saa moja haikuisha, akarudi ameloa mpaka kiunoni. Alikuwa ameloweka mablanketi matano pamoja, mekundu na meupe, halafu akashindwa kuyanyanyua. Povu lilikuwa limefika nyumba namba sita na kubeba paka.

"Mama Maxine, nisaidie."

"Nusu ya malipo ni yangu. Leo leo."

"Sawa. Nusu."

Aoko akakunja sketi, akayakanyaga moja moja akimwonyesha: meupe kwanza, kisigino halafu vidole. Jioni Maxine alikula chapati mbili kwa maharagwe, akalala ameshika ya tatu.

Kesho yake tulitoka mapema, tukafika tukihema. Jiwe la kwanza lilikuwa na mtu. Wamboi, na karai jipya. Kutoka kitandani kwake hadi pale ni hatua sitini.

"Anayefika kwanza, ama?" akasema.

Aoko akakalia la pili, mguu ukitikisika kama cherehani. Wamboi ndiye aliyeitwa.

Jioni, Kiama alipoenda kunywa chai, nikarudi na mkokoteni. Mara saba. Kiama anasema hakuna shosho wa miaka sabini na nane anayeweza kubeba mawe yale, na mimi nakubaliana naye kabisa. Sasa pale getini wote wanasimama, wanasukumana, na hakuna anayejua nani wa kwanza. Aoko ana viwiko. Siku nyingine anaitwa, siku nyingine haitwi.

Na hilo jiwe alilolikalia Maxine mlangoni akinywa uji ni lingine.