Udongo Usiovuja

Mama alipofariki, kaka zangu waliuza nyumba ya Muheza, na mnunuzi hakuchelewa kung'oa mwasumini uliokuwa chini ya dirisha la mama. Niliwahi kitawi kimoja. Nilisafiri nacho mpaka Dodoma, nilikohamishiwa kikazi, kikiwa ndani ya chupa ya maji niliyoipakata njia nzima. Kikaota mizizi. Sikubaki na kingine cha mama, ukiacha kanga moja na hasira zake.

Nyumba yetu ya Nzuguni imezungukwa na udongo ambao kiangazi huwa tofali na mvua zikija huwa uji. Nikatafuta ndoo ya rangi iliyokwisha, nikaitoboa chini kwa msumari wa moto, kisha nikampigia simu mama mkwe, Mgogo wa Chamwino anayeujua udongo kuliko ninavyolijua jiko langu.

"Shikamoo mama. Naomba uniletee udongo mzuri."

"Marahaba mwanangu. Mzuri hasa?"

"Ule mzuri kabisa."

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekwisha maliza. Mwasumini ulikuwa katikati ya ndoo, na udongo mwekundu umeshindiliwa kwa mchi wangu wa kutwangia na kusawazishwa mpaka unang'aa.

"Halafu ndoo yako ilikuwa mbovu," akaniambia. "Imejaa matundu. Nimekuzibia yote."

Nilishukuru. Ningefanyaje? Mkwe ni mkwe.

Alibaki kwetu wiki ile, na siku ya tatu maji aliyomwagia yalikuwa bado yamesimama juu ya udongo. Mimi roho iliniuma. Yeye aliita majirani. "Tazameni, halijapita hata tone!" Jirani mmoja aliinama, akachungulia, akampa mkono wa hongera. Siku ya nne kuku wa jirani huyo alianza kuja kunywa. Siku ya sita niliona viluwiluwi vya mbu. Majani yakageuka manjano, mama mkwe akasema ni kiu, akaongeza maji. Mume wangu tulimwita aamue. Alitutazama mimi na mama yake, akasema ndoo ni nzuri, akaenda kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Yalipobaki majani mawili nilishindwa kujizuia.

"Mama, udongo wako unamuua mama yangu!"

Alitazama ndoo, akanitazama mimi. Nikamweleza yote, nyumba, dirisha na chupa, huku nalia kwa sauti mbele ya kuku.

"Sasa mwanangu," akasema polepole, "wewe uliomba mzuri. Hukusema unaopitisha maji."

Alikulia kwenye tembe, nyumba ambayo paa lake ni udongo, na amekandika mapaa tangu usichana. Kwake udongo mzuri ni ule unaopanda juu ya paa, mvua inanyesha mpaka asubuhi na watu wanalala wakavu. Wa shambani ni udongo tu, hakuna anayeusifia.

"Lakini mama, si uliona napanda mti?"

"Watu wa mjini mnapanda miti ndani ya ndoo. Baada ya hapo niulize nini tena?"

Alipasha msumari kwenye jiko la mkaa, akazibua mwenyewe kila tundu alilokuwa ameziba. Akauosha mwasumini mizizi, akachanganya udongo wa shambani, mchanga wa korongoni na samadi kuukuu ya mbuzi. Muda wote alikuwa akinong'ona. Nilidhani ananisengenya, nikasogea, nikamsikia akiuambia mti, "Nisamehe, mzazi mwenzangu. Sikujua ni wewe."

Udongo mzuri haukutupwa. Ulitumika kuezekea banda la yule kuku, na mpaka leo halivuji.

Mwasumini ulichipua. Mama mkwe akija kutoka Chamwino hupita kwanza kwenye ndoo kabla ya kunisalimia mimi. "Mzazi mwenzangu, umeamkaje?" Kisha husimama kusubiri jibu, naye hatanii. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi nami husimama kando yake.

Juzi alinikuta nimetoka kumwagilia, maji yakitoka chini ya ndoo na kutambaa barazani. Akasalimu, akangoja.

"Mbona leo kimya?" akaniuliza.

"Anakunywa, mama."

Akavuta kigoda, akakaa kumsubiri amalize.