Picha ya Picha

"Picha tena?" Shangazi alimnyang'anya fundi simu. "Picha ndizo zilizotutia aibuni, na huyo mshauri wako anataka nyingine?"

Fundi cherehani, mwanamke mzima mwenye wateja wake na watoto wawili, alijieleza upya, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kujichanganya. Mumewe wa zamani alikuwa amezitawanya picha zake za faragha, zile alizomtumia enzi za mapenzi motomoto, kisha akamwandikia kwamba ataendelea mpaka arudi kwake. Mama wa kituo cha ushauri, aliyeongea naye jana kwa simu, alimwambia asifute kitu. Aupige picha ujumbe ule ulivyo kwenye kioo cha simu, tarehe na namba zionekane, uwe ushahidi. Sasa alisema picha ya maneno, au picha ya picha? Fundi hakukumbuka sawasawa. Kichwa chake siku hizi kilikuwa uzi uliotatizana. Hata gauni la bibi harusi alilitia mikono yote miwili ya kushoto.

Shangazi, ambaye ulimi wake ungekata kitambaa bila mkasi, alisema dawa ni kufuta tu, yaishe. Fundi akamuuliza yataishia wapi, kwake au kwa waliokwisha kuona? Na waliokwisha kuona ni nani? Mteja akitabasamu, hajui anachekea gauni au anamcheka yeye.

"Mwanangu, mimi nataka usizione tena," shangazi alisema taratibu, dole gumba likielea juu ya neno Futa.

"Ukifuta, shangazi, atabaki yeye peke yake na la kusema."

Dole gumba likasita.

Mshauri alikuwa ameahidi kuja leo kama mteja, majirani wasinuse kitu. Angesema amekuja kupunguza mikono. Ila asubuhi aliingia mwanamke akasema hivyo hivyo, fundi akamwangukia begani akilia kwa kwikwi, kumbe maskini alikuwa na mikono ya kupunguza kweli. Alitoka mbio na gauni lake.

Shangazi alikuwa anafungua kinywa ajibu, mlango ukasukumwa. Akaingia mama wa miwani, mkononi gauni lisilo na mikono hata chembe.

"Nimekuja kupunguza mikono," alisema.

Shangazi akalitazama gauni. Akamtazama fundi. Akamrudishia simu.