Moyo Ambao Baba Hakuula

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua mimi. Muulize yeyote sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Nilianza na mkokoteni wa kukodi, darasa la saba sikulimaliza, na leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na Fuso tatu, na hao wenye digrii zao wananiamkia. Nimeibiwa, nimeunguliwa na duka, nimepinduka na lori mlima Kitonga nikatoka naulizia mzigo. Lakini mwanangu, kuna siku niliogopa kweli, na kilichonitisha hakikuwa na meno. Kilikuwa kipande cha nyama.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nimekwenda Mlandege, Iringa, kumposa Anjela. Mshenga wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, Mnyakyusa wa maneno mengi. Babu yake Anjela alitupokea vizuri. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukaletwa, tukaamkiana kamwene, kamwene. Mimi na koti langu jipya nimetuna kama jogoo, nasubiri niulizwe habari ya mali. Mzee akaniuliza:

"Kijana, mzilo wenu nini?"

Kama hukukulia huku kwetu, mwanangu, mzilo ni kile ambacho ukoo wenu hauli. Wengine ni mnyama fulani, wengine ni kiungo tu cha mnyama. Wenye mzilo mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Baba yangu alikuwa mtu wa Iringa, ila alifia Mbeya nikiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, nikalelewa kwa wajomba. Jina la ukoo wake hakulitumia Mbeya, aliitwa kwa jina la ubatizo tu. Nikajibu kwa majivuno yangu:

"Sisi tunakula vyote, mzee. Mradi pesa ipo."

Mjomba akacheka. Akacheka peke yake.

"Hata fisi anakula vyote," mzee akasema taratibu. "Na sijaona aliyempa fisi binti. Nenda kamtafute babu yako, kijana. Ukimpata, njoo naye hapa."

"Babu yangu alishakufa, mzee."

"Vizuri. Wafu hawahami. Ni rahisi kuwapata kuliko ninyi."

Anjela alitusindikiza mpaka kwenye mashine ya kusaga ya kwao, pale jina la ukoo wao lilipoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Mjomba akatangulia. Anjela akaniambia kwa sauti ya chini, "Usichelewe. Mwezi wa pili huu sijaziona siku zangu."

Kabla sijajua nicheke au nikimbie, nikamuuliza mzilo wao nini.

"Moyo," akasema. "Wa mnyama yeyote, hata wa kuku. Sisi hatuugusi."

Baridi ya Iringa naijua, lakini ile haikutoka nje. Nilimwona marehemu baba akilini kama ninavyokuona wewe. Kila mama alipopika kuku, baba aliutafuta moyo bakulini kwa ncha za vidole, akauweka kwenye sahani yangu. "Kula wewe." Yeye hakuuonja hata siku moja. Mimi nikaula nikijua ni mapenzi tu ya baba.

Sasa hesabu mwenyewe. Kama baba aliuacha moyo kwa sababu ya mzilo, basi Anjela ni dada yangu. Na wazee wanasema anayekula mzilo wake, meno humtoka na watoto wake hawakai, hufa. Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu njia nzima, mwanangu, moja moja, kama mwanamke anayechambua mchele.

Mjomba alikumbuka baba akisema alibatizwa katika parokia kongwe ya milimani, unashukia Nyololo. Tukapanda basi. Kondakta alipopiga kelele, "Nyololo wa kushuka!" mimi sikuinuka. Niliwaza: basi hili linakwenda Mbeya, na baada ya Mbeya kuna Tunduma, na baada ya Tunduma kuna nchi ya watu wasionijua. Mjomba akanisukuma begani. "Shuka, bwana tajiri. Au unangoja ubebwe?"

Parokia ilikuwa imefunikwa na ukungu, misonobari inadondosha maji. Katekista, mzee mwenye kabuti, alitutolea kitabu cha ubatizo kikubwa kama mlango wa dirisha, kinanuka panya. Akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa. Niliomba ukurasa wetu uwe umeliwa na mchwa. Kweli, niliomba hivyo, ndani ya nyumba ya Mungu.

"Kasiani," akasoma. Jina la baba. "Mtoto wa..." Akalitaja jina la ukoo. Lilikuwa lile lile la rangi nyekundu, la juu ya mlango wa mashine.

Masikio yakavuma. Mjomba, ambaye hanyamazi hata kwenye maziko, akapiga ishara ya msalaba.

"Ngoja," katekista akasema. "Pembeni pana msalaba mdogo. Maana yake kuna mzazi tuliyemzika hapa." Akafungua kitabu cha wafu, akasoma kwamba amezikwa mwanamume msafiri kutoka Usangu, aliyeugua njiani, ameacha mtoto wa kiume, na mtoto amechukuliwa na nyumba ya ukoo ule ule.

"Mtoto huyo ndiye baba yangu?" nikauliza.

"Jina lake hawakuandika. Nyumba ile ilikuwa na watoto wengi. Huenda ni yeye, huenda siye. Bibi mmoja wa nyumba ile bado yupo, huko bondeni."

Tulimkuta bibi anapukuchua mahindi. Akaniangalia miguu kabla ya uso. "Wewe wa Kasiani. Nimekua naye. Niite shangazi."

"Shangazi," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtoto, "baba yangu alikuwa damu yenu?"

Akaniuliza, "Kuku akipikwa kwenu, moyo ulikuwa unaliwa na nani?"

Nikainamisha kichwa. "Mimi. Baba alinipa mwenyewe."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Basi unatetemeka nini? Sisi mtoto wetu akiugusa moyo, tunampiga mkono palepale. Kasiani aliuacha kwa shukrani, kwa sababu chungu chetu ndicho kilichomlea. Wewe alikupa ule, ujue hukufungwa nao. Babu yako ni yule msafiri wa Usangu aliyefia kwetu."

Nilikaa chini kwenye magunzi na koti langu jipya, nikalia.

Nikachota udongo wa kaburi la babu, nikaufunga kwenye leso, nikaupeleka Mlandege. Mzee aliufungua, akaushika kwa vidole. "Sasa umekuja na mtu," akasema. Akaamua kwamba damu ni mbali, ila undugu wa chungu upo, undugu ni kufaana. Akachinjwa mbuzi kuukata undugu ule, moyo wake ukafukiwa uani, ndipo nikapewa Anjela. Mtoto wetu alizaliwa salama na akakaa. Na meno yangu, tazama, yote yapo.

Mwanangu, mkataa kwao ni mtumwa, na asiyejua kwao hajui hata anachokikataa. Usijisifu umejitengeneza mwenyewe. Mimi najisifu, lakini mimi nimekwenda kuliona kaburi. Waulize wazee wako wakiwa bado wanatafuna. Nani aliwazaa, nani aliwalea, nani amezikwa wapi. Vitabu vya parokia vitakupa majina, lakini mwenye kujua moyo ulikwenda sahani ya nani ni mtu, na mtu hangoji.

Mungu akuoneshe ulikotoka kabla hujafika unakokwenda, na akupe wa kukuuliza mzilo wako, nawe uwe na jibu. Baba alikuwa akiniita jioni nikae naye, nami nina mbio za sokoni; ningemuuliza, angenijibu bure. Nauli, sadaka ya parokia, kitenge cha shangazi na mbuzi, jibu lile lile lilinigharimu shilingi elfu arobaini na tatu na mia mbili.