Kitabu cha Noeli Kilichotuondolea Veronika

Sisi tuliozaliwa Masisi kabla ya uhuru, Noeli yetu ilikuwa na harufu. Harufu ya mawese yanayochemka, ya majani ya migomba yaliyobabuliwa motoni, ya nguo mpya isiyofuliwa bado. Baada ya misa tulijazana uani kwetu, watoto chini kwenye majani, wazee kwenye viti, na mwalimu wa shule ya misioni akatusomea kitabu. Redio? Redio gani! Vijana wa leo, umeme ukikatika kidogo tu wanalia kama wamefiwa.

Ile Noeli ninayoikumbuka kwa uchungu, mwalimu alileta kitabu cha Kifaransa, akawa anatutafsiria kwa Kiswahili. Familia ya wazungu imekusanyika kwa baba yao tajiri kula Noeli. Wanakula, mzee anaanguka, amekufa kwa sumu. Polisi anauliza huyu, anauliza yule, mwishowe anamshika mke wa mtoto wa mzee. Kwa nini? Kwa sababu pale mezani ni yeye peke yake ambaye hakugusa chakula.

Weee! Ua mzima ulilipuka. Papa, baba yetu, alikipenda: "Huyu polisi iko na akili kabisa!" Mama hakutaka hata kukisikia: "Kitabu ya uongo! Mwanamuke anaheshimu baba-mukwe wake, munamufunga?" Maana kwetu mke wa mtoto hali mbele ya baba mkwe. Anapika, anapakua, kisha anakula jikoni, wa mwisho. Mwindaji mmoja kutoka Walikale, aliyekuja kuuza nyama, alikasirika kivyake: "Muzee anakufa, na ile nyama yote inabaki mu sahani? Nani aliandika hii?" Tulicheka mpaka machozi. Hata Veronika, mke wa kaka yangu mkubwa, alicheka, amesimama mlangoni mwa jikoni na mtoto mgongoni. Nilimpenda sana. Njo yeye, ndiye aliyekuwa ananisuka nywele bila kunivuta.

Noeli iliyofuata Veronika alipika mbuzi, maharagwe na sombe ya majani ya muhogo. Papa alikula akashiba, na kabla jua halijatua tumbo likamkamata, akawa anagaagaa mkekani. Shangazi, dada yake Papa, akauliza mbele ya wote: "Veronika amekula?"

Hakuwa amekula bado, kama siku zote, kama mama yake alivyomfundisha.

"Basi njo ile ya kitabu," akasema shangazi.

Heshima ile ile tuliyomsifu nayo kila siku ndiyo tuliyomhukumu nayo. Mama alipiga kelele kumtetea mpaka sauti ikamkauka. Kaka yangu, mwanaume mzima, akatazama chini. Asubuhi Veronika akarudishwa kwao Kibabi. Mtoto walimtoa mgongoni kwake, eti ni wa ukoo wetu. Kile kilio bado nakisikia, na kaka yangu sijamsamehe, hata sasa amelala kaburini.

Tumbo la Papa halikupoa. Tulimpeleka hospitali ya Kirotshe, daktari akaona kidonda cha tumbo cha miaka mingi. Sumu hakuna. Papa alirudi nyumbani. Akatafuta mbuzi na pombe ya ndizi, tukaenda Kibabi kumwomba Veronika arudi, mtoto nimembeba mimi.

Walitupokea vizuri. Wakaleta bugali na maharagwe. Veronika akapiga magoti, akamnawisha Papa mikono. Tulingoja aondoke. Hakuondoka. Akaketi mbele yake, akamega bugali, akala. Akamega tena. Alimtazama Papa usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Papa, muone, ninakula. Sasa mukule bila woga."

Akanawa, akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akaingia ndani na kufunga mlango. Papa hakuthubutu kumdai yule mtoto. Tulirudi na mbuzi wetu.

Leo wake za wajukuu wangu wanakaa na baba wakwe meza moja, wanatafuna mguu wa kuku huku wanaangalia filme za mauaji mu telefone. Wanabishana muuaji ni nani, wanatukanana, filme ikiisha wameshasahau. Ninawacheka, ninawaita vichwa vitupu. Lakini sisi wenye vichwa vilivyojaa, tuliosikiliza kitabu kimoja kwa utulivu wote, tulimfukuza Veronika kwa sababu alikuwa na adabu.