Mtoto wa Udongo Mgongoni

Nilipokuwa mtoto kule Buteba, nilikuwa na sifa moja tu ya kujivunia: nilijua kulea. Wandera, mdogo wangu wa mwisho, alilala mgongoni mwangu zaidi kuliko alivyolala mkekani. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la sita alipotuagiza kila mmoja afinyange kitu cha kuonyesha jambo lililo bora ndani yake, sikuhangaika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kiburi cha kutosha. Nilifinyanga msichana, na kesho yake nikampachika mtoto mgongoni.

Bibi yangu, mfinyanzi, ambaye tulimwita Kukhu, aliuliza yule mtoto ni nani.

"Ni Wandera, Kukhu."

"Chungu tunachoma," akasema. "Mtu iko na jina hatuchomi. Ukichoma yeye, unaita kifo. Peleka shule mbichi hivyo hivyo."

Lakini kitu kibichi kingevunjika njiani, nami nilitaka sifa. Bibi alipopanga vyungu juu ya kuni, nilikipenyeza changu chini ya nyasi za kuvifunika. Sikio la kufa halisikii dawa, husema wahenga. Ila aliyekufa si mimi.

Moto ulipozima, msichana alitoka mzima. Mtoto alikuwa amebanduka, amepasuka vipande viwili. Wiki hiyohiyo Wandera akashikwa na surua. Siku ya tano tukamzika.

Matangani, shangazi akaviokota vile vipande jivuni. Nyumbani wote walijua nilikuwa nimemfinyanga Wandera. Baba akasimama mbele ya watu.

"Nani alitia mtoto wangu kwa moto?"

Nilisogea nyuma ya shangazi.

"Ni mimi," bibi akasema. "Macho yangu haioni mzuri. Nilifikiri ni kifuniko."

Baba hakumsemesha mama yake tena. Wanawake wa soko la Busia wakaacha kununua vyungu vyake, naye hakufinyanga tena mpaka alipokufa. Hata baba tulimzika sijamwambia ukweli. Naona aibu kuyaandika haya.

Leo najua surua ilizoa watoto wengi msimu ule. Najua pia kwamba udongo mbichi haushiki kwenye udongo uliokwisha kukauka. Bibi angenieleza, kama ningemuuliza.

Baada ya matanga nilimpeleka yule msichana shuleni, mgongo mtupu. Mwalimu akauliza anaonyesha nini.

"Upendo," nikasema, na darasa zima likanipigia makofi. Bibi alikuwa nyumbani, amekaa peke yake jikoni, hakuna anayemsemesha.